Msimamizi wa Sura ya Nne

Kuna watu ukiwakumbuka unatabasamu. Msimamizi wangu wa tasnifu nikimkumbuka nakunja uso kwanza. Tabasamu, kama linakuja, linakuja limechoka. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana hakuwahi kutuambia na hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza. Jina lake pia nitaliacha. Yeye mwenyewe hakuwa na habari na majina yetu. Mimi nilikuwa Afisa, kwa kuwa nilikuwa afisa maendeleo ya jamii pale halmashauri. Mwenzangu wa bandarini alikuwa Forodha. Mtawa aliyekuwa akiendesha kituo cha yatima alikuwa Sista, na huyo peke yake hakuona ajabu.

Tulikuwa kundi dogo la watu wazima tuliojiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma na uongozi wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Chuo chenyewe kilikuwa mbali. Kigoma tulikuwa na tawi tu, na tawi hilo lilikuwa madarasa ya kuazima katika shule ya sekondari, mwisho wa wiki, wakati wenye shule wamelala mabwenini. Tulikalia madawati ya watoto wa kidato cha kwanza, magoti yakigonga mbao, Forodha na kitambi chake akikaa upande kama mwanamke aliyepakiwa kwenye baiskeli. Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuja tena, kwa miguu na kwa boti, mji ukajaa magari meupe ya mashirika. Kila mwenye cheti kimoja aliamini cheti cha pili kingemfungulia mlango wa gari mojawapo.

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Mume wangu alikuwa Dodoma, na mwanangu Neema alikuwa Dodoma kwa bibi yake, mama wa mume wangu. Mimi serikali ilikuwa imenileta Kigoma na kunisahau. Nilikuwa nimeomba uhamisho hadi karani wa masjala akawa ananionea huruma. Ndipo ikatokea nafasi wizarani, na mkuu mmoja aliyenifahamu akaniambia wazi: "Njoo na shahada ya pili, nafasi ni yako. Usipokuja nayo, kuna wengine." Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakisomea gari jeupe, mimi nilikuwa nasomea kurudi kwa mwanangu. Na kati yangu na mwanangu alikaa mzee mmoja na penseli.

Alisahihisha kwa penseli, kwa mwandiko mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Ukitaka kujua amekusema nini ilibidi uisogeze karatasi dirishani. Mara nyingi ungekuta neno moja tu pembeni: "Nani?" Umeandika "jamii ilishirikishwa", yeye anaandika "Nani?" Umeandika "iliamuliwa", anaandika "Nani?" Sista aliwahi kuandika kwamba Mungu alisaidia mradi, akakuta pembeni: "Huyu namjua. Wengine ni nani?" Sista alicheka. Mimi katika kazi yangu nilihesabu hizo "Nani?" mpaka nikaacha kwa ajili ya afya yangu.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "walengwa". Ukilitamka darasani alikusimamisha.

"Mlengwa ni nani, Forodha?"

"Ni mtu anayenufaika na mradi, Mwalimu."

"Ana jina?"

"Analo, bila shaka."

"Basi lisemwe. Hata mbuzi wa mnadani ana mwenyewe."

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua la ziwani lilipokuwa linatoboa bati. Alifika darasani kabla ya kila mtu, na ukichelewa hakukugombeza. Alinyamaza tu katikati ya sentensi, akakusubiri mpaka ukae, ufungue begi, utoe kalamu, upige chafya kama unayo, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Ni afadhali angekuchapa. Kuhusu muda alikuwa na msemo wake, "haraka ni ya mfadhili," na aliutumia hata pale ambapo mwenye haraka hakuwa mfadhili bali mama mwenye mtoto Dodoma.

Kwa chakula, hata hivyo, hakuwa mchoyo. Jumapili moja moja alituchukua nyumbani kwake Katubuka, mkewe akapika migebuka, wale samaki wa ziwani, na ugali wa muhogo, tukala mpaka tukasahau kwamba tunamchukia. Ila usimshukuru. Ukisema asante baada ya kula alikukatiza: "Usinishukuru, nitadhani hukushiba." Tulidhani ni utani wa kizee. Siku moja Sista alishindwa kuvumilia, akamuuliza asante imemkosea nini, na yeye, kwa mara ya kwanza na ya mwisho mbele yetu, akaeleza.

Zamani, alisema, katika wimbi mojawapo la mwanzo la wakimbizi, alikuwa mkubwa wa shirika fulani kambini. Alitumwa kuangalia kama blanketi zilizogawiwa zimetosha. Akaingia mtaa mmoja wa kambi, akakusanya watu, akauliza. Wazee kwa vijana wakasimama wakampigia makofi. "Murakoze cane," asante sana, kila mmoja, mpaka vikongwe. Akaandika kwamba zimetosha, na zilizobaki zikapelekwa kambi nyingine.

"Sikuzijua adabu zao," alisema. "Mgeni akija mara ya kwanza anashukuriwa. Shida zako utamwambia akirudi. Ukizisema siku ya kwanza unaonekana omba-omba. Walikuwa wananisubiri nirudi. Mimi sikurudi, nilikuwa nimeshapata jibu. Na ile baridi ya kule juu mnaijua."

"Walikufa, Mwalimu?" Sista aliuliza polepole.

Alikuwa anachambua mwiba. "Kula samaki, Sista," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa ilikotoka kanuni yake, ile ambayo haikuwemo katika mwongozo wowote wa chuo. Aliiita mrejesho. Mwanafunzi wake hakwenda mbele ya watahini mpaka awe amerudi kwa watu wote aliowahoji, amewakalisha, na kuwasomea sura ya nne, yaani sura ya matokeo, kwa lugha wanayoielewa, na wao wamesema kama ni kweli au ni uzushi. Tena isiwe kwa maneno matupu. Alitaka majina ya waliohudhuria, waliyoyasema, na sahihi ya kiongozi wa mahali pale na muhuri wake. Bila muhuri hasaini, na bila yeye kusaini huendi popote. Wasimamizi wengine walimcheka. Wanafunzi wao walihitimu, wakapanda magari meupe, wakatupungia mikono.

Nisiwe mnafiki, kanuni ile niliipenda mwanzoni. Niliipenda kama unavyopenda kufunga Kwaresima ikiwa bado ni Januari.

Yeye mwenyewe, ukimtazama kwa karibu, hakuishi kwayo. Darasani alitufundisha ushirikishwaji kwa miezi, kisha tulipomchagua Forodha kuwa kiongozi wa darasa, kwa kura, kwa amani, akaufuta uchaguzi. "Mmemchagua kwa sababu ana gari," akasema, akamteua Sista. Mimi nikafungua daftari nikamsomea maneno yake mwenyewe ya wiki iliyotangulia, kwamba uamuzi wa kikundi ukipinduliwa na mkubwa kikundi kinakufa. Akanisikiliza hadi mwisho kwa makini sana. "Umeandika vizuri, Afisa," akasema. "Hayo ni ya mtihani."

Mkewe, mama mnene mpole ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akitusindikiza hadi barabarani na kutusimulia. "Hapa nyumbani hakuna mrejesho, wanangu," alituambia siku moja. "Rangi ya nyumba kaamua yeye. Shule za watoto yeye. Hata paka kampa jina yeye, na paka haitiki." Alisema bila uchungu, kama anayesimulia hali ya hewa, lakini nilimkumbuka mara nyingi baadaye.

Tasnifu yangu ilihusu kikundi cha wanawake wa Kirundi waliokuwa wakitengeneza sabuni ya mawese ndani ya kambi. Shirika lililowasaidia lilitaka kila kikundi kiwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wachaguliwe kwa kura. Wakachaguana. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye Kiswahili kizuri na kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Shirika lilimpenda. Alipelekwa semina, alipigwa picha, alipokea wageni. Nami nikakaa nao muda mrefu, na mkalimani wangu pembeni, nikaanza kuona kwamba lolote mwenyekiti alilolikubali mbele ya wageni lilikuwa halijaamuliwa bado. Wageni wakishaondoka macho yote yaligeukia kwa mama mmoja mwembamba aliyekaa daima karibu na pipa la kukorogea. Hakuwa na cheo. Hakusema. Nikimhoji alijibu kwa neno moja la Kirundi na mkalimani akaligeuza. Lakini akifuta mikono kwenye kitenge chake, mjadala umekwisha. Akiendelea kukoroga, bado.

Nikaandika: kikundi kilikuwa na mwenyekiti wa wageni. Walimchagua yule kwa sababu alijua Kiswahili, lugha ya wenye mradi, na uongozi wa kweli wakauacha kwa yule asiyekijua, ambaye wageni hawangemsumbua. Niliona nimegundua dhahabu. Nilipompelekea Msimamizi, alisoma ukurasa ule mara mbili mbele yangu, kisha akaweka alama ndogo ya vema, ya penseli. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake. Moyo wangu ulijaa, nikajiona nimeshafika Dodoma. Chini ya ile alama akaandika: "Wamesikia?"

Nilikuwa tayari kwenda kuwasomea wiki ile ile. Hakuniruhusu. Sura haijakomaa, alisema, huwezi kuwasomea watu kitu kibichi. Akataka nieleze upya maana ya uamuzi. Nikaeleza. Akataka nitofautishe kuamua na kukubali. Nikatofautisha. Akaikalia masika nzima, na kila nilipokwenda kuuliza nilimkuta anayo mezani, ameifungua pale pale. Nilianza kuongea peke yangu njiani. Forodha alinishauri nimpelekee samaki. Nikampelekea. Alimpa Mama apike, akanikaribisha nile, tukala samaki wangu, sura ikabaki mezani.

Na wakati sura yangu inakomaa, mabasi ya kuwarejesha Warundi kwao yakaanza.

Siku aliponiambia "Sasa nenda," nilikwenda asubuhi yake. Mtaa ule wa kambi nilikuta nyumba za udongo zimeezuliwa, mahindi yameota ndani ya moja. Pipa la sabuni halikuwepo. Mzee mmoja alikuwa anaokota miti ya paa.

"Baragiye, mama," akaniambia. Wameondoka.

"Wote?"

"Kikundi chote. Walipanda basi la wiki juzi. Yule mwenye kucheka alikuwa analia."

Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa, na sura ya nne mapajani, nikalia na mimi. Nilililia shahada yangu, sitadanganya, kabla sijawalilia wao. Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja Katubuka, sijanawa vumbi.

"Hawapo, Mwalimu. Wamerudishwa kwao."

Nilidhani ataniambia pole. "Watafute. Hata mmoja atatosha," akasema.

"Burundi nzima?"

"Burundi si kubwa."

Nilimtazama nikaona hatanii. Nikamwambia kwamba kama angeniachia sura mwanzoni mwa masika ningewakuta. Akakubali kwamba ni kweli. Akakubali hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeambiwa saa yake imesimama, na hakubadilisha chochote. Niliwaomba wakuu wa tawi waingilie. Wakaniambia mzee yule ndiye aliyebaki mwenye sifa ya kusimamia, tukimkasirisha tawi litafungwa, vumilia mama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa miaka sikumwambia mtu. Ofisi ilinituma kwenye semina ya vikundi vya wanawake katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa. Sema Ilagala, sema Mwamgongo, sitakusaidia. Na kama ulishaanza kumtafuta mtu kwa sababu ya sabuni, jua kwamba huenda haikuwa sabuni. Mwenyekiti wa kijiji alinizungusha kuona akina mama wanavyojitahidi, akiwa na muhuri wake mfukoni, kwa kuwa nilimwambia nitauhitaji kwenye karatasi zangu za safari. Tukafika ua mmoja penye moshi. Mwanamke mwembamba alikuwa ameinamia pipa anakoroga, kisha akanyanyuka na kufuta mikono kwenye kitenge.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Ndiyo, furaha, niseme ukweli. Niliiona Dodoma. Niliuona muhuri uko hapa, mwenyekiti huyu hapa, shahidi wangu huyu hapa.

"Huyu ni mkwe wetu," mwenyekiti akasema. "Muha wa kule Kasulu. Ameolewa hapa na ndugu yangu wa ukoo, aliyekuwa mgane. Mama mchapakazi huyu."

"Mwakeye," yule mama akanisalimu, kwa Kiha, lugha iliyo ndugu ya Kirundi, akinitazama usoni bila kupepesa.

"Nadhani tunafahamiana, mama," nikasema.

Akacheka kidogo, na akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili safi, kilichonyooka kuliko changu. "Umenifananisha, dada yangu. Binadamu tunafanana. Wengine wanatufananisha na watu walioondoka zamani, nasi tunawasamehe, maana macho nayo huchoka. Karibu maji ya kunywa."

Miezi yote ile nilimlipia mkalimani. Miezi yote ile alisikia kila nilichosema, kila nilichomnong'oneza mkalimani nikidhani nimejificha. Ile dhahabu yangu, kwamba wanawake wale walimchagua mwenyekiti wao kwa sababu ndiye aliyejua Kiswahili, ilikuwa imeanguka mbele yangu. Msimamizi alikuwa sahihi, alaaniwe: ningewasomea, wangecheka mpaka wakae chini. Na hapo hapo nikaelewa jambo la pili. Nikitoa sura ya nne kwenye begi na kuisoma, nikaandika mahudhurio, mwenyekiti akagonga muhuri, nitakuwa nimethibitisha kwa maandishi ya serikali kwamba mkwe huyu ametoka kambini, hana kibali cha kukaa nje, na wenzake wote walishapandishwa basi.

"Macho yangu kweli yamechoka," nikamwambia mwenyekiti. "Nimemfananisha."

Yule mama alinipa maji. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, na mjadala ukawa umekwisha.

Msimamizi aliniuliza wiki iliyofuata. Alikuwa na tabia ya kuuliza kila Jumamosi, mbele ya wenzangu.

"Hukumpata hata mmoja, Afisa?"

"Hata mmoja."

Aliniangalia muda mrefu. "Endelea kutafuta," akasema.

Hapo nikalipuka. Nilisimama, dawati la kidato cha kwanza likanyanyuka nami kiunoni, nikamwambia kwa sauti iliyosikika hadi mabwenini kwamba nafasi yangu wizarani inafungwa mwisho wa mwezi, kwamba mwanangu ananijua kwa simu, kwamba akiulizwa mama yako yuko wapi anaonyesha simu. Kwamba watu waliokwisha ondoka hawahitaji sahihi yake, mimi ninayeihitaji niko hapa. Sista alinishika mkono. Forodha alitazama chini.

"Na wale wanawake," alisema taratibu, "wanakujua kwa kitu gani?"

Nikachukua begi nikatoka. Hakusaini. Mwisho wa mwezi nafasi ikaenda kwa mtu mwingine, na Neema akaanza darasa la kwanza akisindikizwa na bibi yake. Walinitumia picha, sare imemzidi, soksi zimepanda mpaka magotini. Nilikaa nayo hiyo picha ofisini mchana kutwa, mlango nimeufunga. Nilimchukia mzee yule kwa chuki nzima, isiyo na kona. Na ubaya wa chuki ile ni kwamba sikuweza kuitetea kwa mtu, kwa sababu ningelazimika kusema nilimpata nani.

Alistaafu mwaka uliofuata bila sherehe. Tulikuwa tumepanga kumfanyia, akakataa, akasema watu hushukuru wanapotaka mtu aondoke. Msimamizi mpya akaipokea kazi yangu, akaniuliza kurasa ziko ngapi, akasaini akiwa amesimama. Nikahitimu kama mtu anayetoka nyumbani kupitia dirishani. Sentensi yangu ya dhahabu, ambayo nilijua ni ya uongo, niliifuta mwenyewe kabla ya kuchapa, na pale ilipokuwa nikaandika kwamba sababu ya wanawake wale kumchagua mwenyekiti wao haikujulikana. Mtahini mmoja alilalamika kwamba hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya kazi. Uhamisho nao ulikuja wakati wake, na nilipofika Dodoma Neema alinipokea vizuri, kwa adabu, akanipisha kiti kama mgeni.

Miaka ilipita kabla kazi haijanirudisha Kigoma kwa siku chache. Forodha, aliyekuwa bado bandarini na kitambi kimeongezeka, ndiye aliyeniambia mzee amepata kiharusi na wanawe wanataka kumhamishia kwao, mji mwingine. Nikajiambia siendi. Mchana wake nilikuwa Katubuka.

Mama alinikumbatia mlangoni muda mrefu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, ya njano, na nikajua nani ameamua safari hii. Mzee alikuwa kwenye kiti barazani, koti la kijivu mabegani, mkono wa kulia umelala mapajani. Nilimwamkia shikamoo. Macho yakanitambua kabla ya mdomo.

"Afisa," akasema, ulimi ukiburuta. "Sura ya nne."

"Nimekuja kukusalimia, Mwalimu."

"Hukumpata hata mmoja?"

Miaka yote hiyo, na swali ni lile lile. Nilitaka kucheka na nilitaka kuondoka. Badala yake nikavuta kigoda, nikakaa karibu ili Mama aliye ndani asisikie.

"Nilimpata mmoja," nikasema. "Kabla ya siku ile niliyokupigia kelele. Usiniulize wapi."

Hakuuliza. Akasubiri, kama alivyokuwa akitusubiri tulipochelewa, mpaka nikamaliza kufungua kila kitu. Nikamweleza kuhusu ua, mwenyekiti na muhuri wake mfukoni, maji ya kunywa, mikono iliyofutwa kwenye kitenge. Nikamweleza kwamba alikuwa anajua Kiswahili kuliko mimi. Hapo nusu ya uso wake ikacheka. Ikacheka mpaka akakohoa, mpaka Mama akachungulia kwa hofu.

"Ile alama ya vema," akasema alipopata pumzi. "Nilikupa mimi."

"Ulinipa wewe."

"Sote wawili. Wajinga."

Kuku walipita barazani, akawafuata kwa macho mpaka wakaishia nyuma ya nyumba. Alipozungumza tena alizungumza polepole sana, akichagua kila neno kwa sababu yaliyobaki hayakuwa mengi.

"Ungeniambia, ningetaka muhuri."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Ungenitii, ungehitimu mwaka ule."

"Najua, Mwalimu."

"Na yeye ningempandisha basi." Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja tu, lile la upande mzima. "Mimi. Na kanuni yangu. Mara ya pili."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miaka. Niliyasikia mara elfu kichwani, kitandani, kwenye foleni, njiani kumpeleka Neema shule, na kila mara katika mawazo yangu yalinitua mzigo. Sasa ameyasema, na mzigo uko pale pale. Nilimkumbuka Neema na soksi zake. Hakuna aliyekosa kwa makusudi, hakuna wa kumshitaki, na miaka yangu na mwanangu hairudi. Nilitaka kumwambia nimekusamehe. Lilikuwa neno dogo, lingempumzisha, na halikutoka.

Mama akaleta uji, akakiweka kikombe kwenye kigoda cha pili na kurudi jikoni. Mzee akaunyosha mkono wa kushoto, ukafika nusu ya njia ukaanza kucheza. Nikakichukua kikombe kwa mikono miwili nikakipeleka mdomoni mwake. Alikunywa taratibu, kwa mapumziko mengi, macho yake yakiwa juu yangu. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilikishika mpaka akamaliza.